Majibu kwa Wasomaji: Ulimi wa Mkuu wa Kazi

Mbukwenyi, wasomaji wetu. Barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu zimetoka Kibaigwa, Mpwapwa na mitaa ya hapa Dodoma mjini, na bila waandishi wake kushauriana zimegusa jambo moja, yaani namna wakuu wa kazi wanavyosema na walio chini yao, hasa wanapotaka kuwa wafupi na wanapotaka kuchekesha. Nimeziacha katika maneno ya waandishi wenyewe, nikipunguza tu pale zilipokuwa ndefu, jambo ambalo natumaini halitahesabiwa kuwa ukatili katika safu inayohusu ufupi.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mhasibu msaidizi katika ofisi moja hapa mjini. Mkuu wangu wa kitengo ni mtu mwema ambaye hajawahi kunigombeza, lakini ujumbe wake wa simu hauzidi maneno mawili. Ijumaa moja mwezi uliopita, saa 11 jioni, nikiwa ndani ya daladala ya kwenda Kisasa, aliniandikia: "Jumatatu tuonane." Nikamjibu, "Sawa mkuu, kuna tatizo?" Akausoma, asijibu. Siku mbili sikulala vizuri; nilirudia hesabu zote za robo mwaka kichwani, hata mume wangu akaniuliza kama nimeiba. Jumatatu nilipoingia ofisini kwake alinikaribisha kiti, akaniuliza kama namfahamu fundi mzuri wa kushona sare za Mei Mosi. Je, mimi ndiye mwoga, au yeye ndiye mwenye kasoro? — Mhasibu Msaidizi, Kisasa

JIBU: Marahaba. Uoga wako ni wa kawaida, na mkuu wako naye si mtu mbaya, ila amekosea hesabu moja ambayo wewe kama mhasibu utaielewa haraka. Aliokoa maneno matano, yaani "kuhusu sare za Mei Mosi", na gharama ya maneno hayo ukailipa wewe kwa siku mbili za kukosa usingizi pamoja na maswali ya mume. Kazi ya kufikiri na kuandika iliyokuwa yake ilihamia kwako, tena iliongezeka njiani.

Mtu wa chini anaposoma neno la mtu wa juu hujaza mwenyewe kile kilichoachwa, na kwa kawaida hukijaza kwa kile anachokiogopa. Mkuu wako angepokea ujumbe huohuo kutoka kwako angedhani unataka ruhusa ya kwenda msibani, kisha angeendelea na chakula chake. Wewe ulipoupokea kutoka kwake ulifikiria mkaguzi, barua ya kujieleza na ada ya watoto. Maneno ni yaleyale mawili, lakini yanaposhuka ngazi huja kwa kishindo, kama jiwe linaloporomoka kutoka Mlima Mlimwa.

Wako watakaomtetea kwa kusema kwamba adabu ya Kiswahili inahitaji maneno mengi, kwa hiyo anayetaka kuwa mfupi hana budi kuwa mkavu. Sikubaliani nao. Tazama kauli hizi: "Lete faili", "Ulete faili", "Naomba faili". Zote ni za maneno mawili. Ya kwanza ni amri tupu. Ya pili imelainishwa kwa kiambishi kimoja tu cha mwanzo. Ya tatu ni ombi ambalo hata mkurugenzi anaweza kulitoa kwa mhudumu wa ofisi bila kupungukiwa na cheo chake. Ukiongeza "mama" au "kaka" mwishoni umefika maneno matatu, na hakuna simu iliyokwisha chaji kwa sababu ya neno la tatu.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kosa la mkuu wako, tena kwa maandishi yanayobaki kwenye jalada. Nilipokuwa afisa utumishi mkoani Singida, kijana mmoja mgeni kazini aliniletea dokezo lenye jedwali la likizo za watumishi, lililopangwa vizuri ajabu. Nikaandika pembeni, "Tuonane", kwa wino mwekundu, kwa kuwa kalamu yangu ya buluu ilikuwa imekauka. Jalada likarudi kwake kupitia masijala. Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni kwangu akiwa na bahasha mkononi, na ndani yake mlikuwa na barua ya kuomba uhamisho, imeshachapwa na kutiwa saini. Nilichotaka kumuuliza ni nani aliyemfundisha kupanga jedwali lile. Tangu siku hiyo sijaliandika neno hilo likiwa peke yake, na kalamu nyekundu niliigawa.

Safari nyingine usiulize "kuna tatizo?", kwa sababu jibu la swali hilo kwa upande wake lilikuwa hapana, na watu wengi huona "hapana" haina haja ya kuandikwa. Uliza hivi: "Sawa mkuu. Nije na nyaraka gani?" Swali hilo hawezi kulijibu bila kutaja jambo lenyewe, nalo halionyeshi kuwa umeogopa. Siku mkiwa na nafasi, mwambie kwa kicheko yaliyotokea nyumbani kwako wikiendi ile. Mtu mwema akisikia kwamba sare za Mei Mosi zilikaribia kuvunja nyumba ya watu, atajirekebisha bila kuitiwa kikao.

SWALI: Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, nasimamia kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa chenye wafanyakazi 14, wengi wao Wagogo. Kwa kuwa sisi ni watani wa asili, nimezoea kuwatania, nao hucheka. Juzi mzee mmoja, mpima mizigo wetu, alinifuata kwenye mizani akaniomba advansi ya mshahara kwa ajili ya ada ya mjukuu wake. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Ninyi Wagogo kuomba hamtaacha hata mkiajiriwa!" Wote wakacheka. Yeye alitabasamu, akarudi kazini. Tangu siku ile nikimwamkia anajibu "marahaba" na hana neno lingine. Advansi yenyewe niliiidhinisha jioni ileile, lakini hajaenda kuichukua. Je, nimekosa, au siku hizi watu hawataki utani? — Msimamizi, Kibaigwa

JIBU: Umekosa, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu kosa lako ni la wengi.

Utani wa Wanyamwezi na Wagogo hauna shaka, na wengi huueleza kwa historia ya njia. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kati ya Tabora na Bagamoyo ilikatiza Ugogo, nchi kavu ambayo visima vyake vilikuwa na wenyewe, na watemi wa Kigogo waliitoza misafara hiyo hongo kabla ya kuiruhusu ipite. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, ikilipwa hadharani, maana ya chini ya meza tuliyonayo leo ni mambo mengine.) Watu wanaokutana msimu hata msimu penye kisima, wakibishana bei ya maji na ya nafaka, huhitaji namna ya kugombana bila kuuana, na utani unaifanya kazi hiyo vizuri.

Angalia sasa utani huo umejengwa juu ya nini. Kwanza, mtani hujibiwa. Ukirusha neno unakaa tayari kulipokea la kwako, na likikuingia unacheka pamoja na wengine. Pili, mtani ana wajibu. Msibani ndiye huyo anayeigiza mwendo wa marehemu hadi wafiwa wacheke huku wanalia, ndiye anayezuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na ndiye huyohuyo anayeonekana akichanja kuni, kuteka maji na kushika jembe kaburini. Ruhusa ya kusema ovyo anaipata kwa sababu anajulikana kwamba siku ya shida hakai mbali.

Mzee wako alikuwa na jibu. Ungemwambia maneno yaleyale jioni, mmekaa kwenye gogo moja mnasubiri pombe ichujwe, angekujibu palepale kwamba babu zako ndio waliokuwa wakiomba maji kwenye visima vya babu zake, tena kwa kulipa hongo juu, na wenzake wangecheka hadi magunia yaanguke. Hakulisema, kwa sababu pale kwenye mizani alikuwa na shida ya ada na wewe ndiye uliyeshika kalamu. Ulimtania katika dakika ambayo hakuwa huru kukurudishia, kwa hiyo nusu ya utani ilikosekana, na nusu iliyobaki ina jina lake.

Tena ulimtania kwa jambo alilokuwa akilifanya kweli muda uleule. Maneno kuhusu Wagogo na kuomba yamezoeleka nchini, na sidhani kama yuko Mgogo wa umri wake ambaye hajayasikia kwenye mabasi, shuleni na jeshini. Akiwa ameshiba huyacheka. Akiwa ameomba kweli, hata kama anachoomba ni fedha yake mwenyewe ambayo ataitolea jasho kabla ya mwisho wa mwezi, hayana tofauti na tusi. Ndiyo maana advansi iko kwa karani hadi leo. Kuichukua kungekuwa kuthibitisha ulichosema.

Msomaji aliyesoma vitabu anaweza kunipinga kwa hoja kwamba utani wa upande mmoja nao upo. Ni kweli. Mwanaanthropolojia wa Uingereza A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika kuhusu utani mwaka 1940, aliutenga utani ambao pande zote mbili hutaniana na ule ambao mmoja hutania na mwingine hupokea kwa moyo mweupe bila kurudisha, au hurudisha kidogo tu. Lakini katika aina zote mbili ni mila ndiyo iliyowapangia watu nafasi zao, kwa ukoo, kwa ndoa au kwa kabila. Kwako wewe nafasi hiyo umepewa na barua ya ajira, na barua ya ajira haijawahi kumfanya mtu kuwa mtani wa mtu.

Kiswahili chenyewe kimetupatia maneno ya kutosha ili tusichanganye mambo: kuna utani, kuna mzaha na masihara, kuna kejeli, kuna dhihaka, kuna kijembe. Mkuu wa kazi akirusha kijembe kisha akasema "natania tu", walio chini yake hawana budi kukubali kwamba ni utani, na kicheko chao hakimwambii lolote kuhusu alichokisema. Wale 13 waliocheka kwenye mizani walikuwa wakikucheka wewe, au wakimcheka mzee, au wakishukuru kwamba zamu haijawafikia. Huwezi kujua, na hilo ndilo pengo la kila mkubwa anayechekesha.

Liko pia jambo la sheria, nami nalitaja kwa ufupi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, miongoni mwake kabila na mahali alikotoka, na kinaihesabu bughudha inayofanywa kwa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi. Sisemi kwamba neno lako moja litakufikisha mbali. Nasema kwamba mzaha mzaha hutunga usaha, na msimamizi mwenye mazoea ya kutaja makabila ya watu kila anapokataa au kukubali jambo anajiandalia kesi mwenyewe.

Sasa nenda kwa mzee, ukiwa peke yako, umwambie: "Mzee, maneno yale ya kwenye mizani niliyasema vibaya. Nisamehe." Ishie hapo. Ukiongeza kwamba ulikuwa unatania utakuwa umemrudishia kosa yeye, kana kwamba ameshindwa kuelewa. Usiitaje advansi katika mazungumzo hayo. Karani amfikishie kwa utaratibu wake, siku nyingine, asije akaona msamaha wako unanunuliwa. Na kwa kuwa ulimsema mbele ya watu, mpe pia nafasi ya kukusema mbele ya watu. Siku utakapokosea hesabu ya magunia, nawe utakosea, sema mwenyewe kwa sauti, "Sisi Wanyamwezi tulizoea kubeba, kuhesabu tuliwaachia wengine", kisha nyamaza. Mzee wa mizani akimalizia kwa neno lake, hata likiwa kali, lipokee kwa mikono miwili.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mkuu wa idara katika taasisi moja hapa Mpwapwa. Kikao chetu cha Jumatatu huanza saa 2 asubuhi na mara nyingi hufika saa 4. Watumishi wanasinzia. Rafiki yangu amenishauri nifupishe na pia nichanganye na vichekesho ili wachangamke. Nyaraka zangu nazo wanasema hazieleweki, ingawa ninazingatia taratibu zote za uandishi. Nianzie wapi? — Mama Mkuu wa Idara, Mpwapwa

JIBU: Anza na kufupisha. Vichekesho viache vije vyenyewe, kwani mtu anayechekesha ndani ya kikao cha saa 2 anawarefushia watu kifungo.

Sisi watu wa ofisi tuna ugonjwa ambao nadhani tumeurithishana bila kuuandikia dawa. Msemaji husimama, husema "itifaki imezingatiwa", kauli nzuri iliyobuniwa hasa ili kuokoa muda wa watu, kisha huanza kumtaja mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, wakuu wa vitengo na mzee wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja kwa vyeo vyake. Itifaki inakuwa imezingatiwa mara mbili. Kikao chako cha Jumatatu, mama, nina hakika kinakula dakika 20 kabla ya ajenda ya kwanza.

Lakini tatizo kubwa liko kwenye waraka, kwa sababu aliyezoea kuandika hivyo huishia kusema hivyo. Hukuniletea mfano, kwa hiyo nimetunga mmoja kwa mkono ambao umeandika nyaraka za namna hiyo kwa miaka mingi:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua fursa hii kuwajulisha watumishi wote kuwa, kufuatia tathmini iliyofanyika na kubainika kuwepo kwa baadhi ya watumishi wasiozingatia suala zima la muda wa kufika kazini, jambo ambalo kwa namna moja ama nyingine linaathiri utendaji, uongozi unasisitiza kuwa suala la mahudhurio lizingatiwe ipasavyo na kila mmoja kwa nafasi yake."

Uusome tena uniambie: mtumishi afike saa ngapi? Asipofika kutatokea nini? Anayechelewa akiusoma waraka huo atatikisa kichwa kwa masikitiko kuhusu "baadhi ya watumishi", kisha kesho atachelewa. Sasa weka huu:

"Kuanzia Jumatatu ijayo, daftari la mahudhurio litaondolewa mezani saa 1:45 asubuhi. Atakayefika baada ya hapo ataandika sababu yake kwa mkuu wa kitengo chake."

Utaona kwamba waraka wa pili ni mgumu zaidi kuuandika, ingawa haufiki nusu ya wa kwanza. Ili uandikwe ilibidi mtu aamue saa, aamue siku ya kuanzia, aamue nani atapokea sababu, na awe tayari kuulizwa kwa nini ni saa 1:45 na si saa 2. Waraka wa kwanza haukuhitaji uamuzi wowote, na ndiyo maana uliweza kurefuka. Kila ninapokutana na "suala zima la" au "kwa namna moja ama nyingine" hujiuliza ni jambo gani mwandishi hajaliamua, na mara nyingi sikosi.

Hili si la Watanzania peke yetu. Mwezi Agosti 1940, ndege za Ujerumani zikiwa juu ya Uingereza, Waziri Mkuu Winston Churchill alipata muda wa kuwaandikia mawaziri na maofisa wake waraka wa ukurasa mmoja kuhusu ufupi. Aliwataka watoe hoja zao kuu katika aya fupi, takwimu na uchambuzi mrefu viwekwe kwenye kiambatisho, na pale inapofaa walete vichwa vya hoja tu kwenye karatasi kisha waeleze yaliyobaki kwa mdomo. Misemo ya kiofisi ya kujazia nafasi aliitaja moja kwa moja, akasema mingi inaweza kuachwa kabisa au kubadilishwa kwa neno moja. Kama mtu mwenye vita mlangoni aliona jambo hilo linastahili waraka, wewe na mimi tunaweza kulitengea asubuhi moja.

Kwa kikao chenyewe, bandika hoja zako ubaoni Ijumaa, zisizidi nne. Taarifa ambazo hazihitaji mjadala zipeleke kwenye kundi la WhatsApp la idara. Mwachie mjumbe mwingine afungue, ili wewe uzungumze mara moja tu.

Nakuomba hata hivyo usikate mahali pasipostahili. Nimewahi kuona wakuu waliohudhuria semina ya usimamizi wakirudi wameacha kusalimia, wanaingia ofisini na swali la kazi mdomoni, wakidhani huo ndio ufupi. Huku kwetu mtu hujibu swali la kazi baada ya kuulizwa habari za nyumbani, na kama alifiwa wiki iliyopita akapewa pole kabla ya kuombwa ripoti, ataileta ripoti mapema. Sekunde 30 za salamu ziache kama zilivyo. Za kukata ziko kwingine, nami nimekuonyesha.

SWALI: Nasimamia hoteli Area D. Wamiliki wameamua kupunguza wafanyakazi wanne baada ya msimu. Naogopa siku ya kuwaambia. Je, nikianza kwa mzaha kidogo ili kupunguza uzito, itasaidia? — Meneja, Dodoma

JIBU: Hapana.

Mzaha huo utakupunguzia uzito wewe, na wao watakumbuka kwa miaka kwamba siku waliyopoteza kazi bosi alikuwa anacheka. Hata ufupi hapa una mpaka wake, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo, aeleze sababu, kisha ashauriane nao au na chama chao kuhusu namna ya kulipunguza jambo lenyewe, vigezo vya kuchagua na malipo ya kuachishwa. Kama wanne hao wameshachaguliwa na hakuna aliyeshauriwa, warudie wamiliki kwanza. Ikifika siku ya kusema, sema habari yenyewe katika sentensi mbili za kwanza, kisha nyamaza na ujibu maswali kadiri yatakavyokuja, bila kutazama saa.

SWALI: Bosi wetu ni mtu mzuri, lakini ana utani mmoja. Kila wingu likionekana juu ya Dodoma husimama dirishani na kusema, "Hilo limepotea njia, lilikuwa linakwenda Morogoro." Tumeusikia misimu mitatu. Wenzangu bado wanacheka kwa nguvu, mmoja hupiga hata meza. Je, ni lazima tucheke? Mimi mashavu yananiuma. — Mchovu, Makole

JIBU: Si lazima. Tabasamu linatosha, na ukiwa na karatasi ya kusoma mkononi hata tabasamu halidaiwi. Anayepiga meza mwache, huenda anangojea barua ya kupandishwa daraja, na kila mtu ana njia yake ya kuisindikiza.

Ukitaka kumsaidia bosi wako, mmalizie yeye kabla hajamaliza: likitokea wingu, wewe ndiye uwahi dirishani useme limepotea njia. Akicheka, utajua ni mtu anayeweza kutaniwa, na huo ni ugunduzi utakaokufaa kwa mambo mengine ya ofisini, hata ombi la likizo. Akinuna, rudi kwenye karatasi yako.

Kwa upande wangu, nilipousoma utani huo kwenye barua yako nilicheka peke yangu mezani. Nimeuchukua. Naahidi kuutumia mara moja tu.